Unga wa mbao mlangoni: kisa cha sisimizi wa Tabata

Kilichoonekana kwanza ni unga wa mbao. Kilima kidogo tu, cha kujaa kijiko cha chakula, kwenye pembe ya mlango wa nyuma wa nyumba moja ya Tabata, Dar es Salaam, mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, na mtaa mzima, hata watu wazima wenye wajukuu, wanamwita Mwalimu. Alikuwa anaufagia asubuhi, kesho yake anaukuta tena. Mwanawe alipokuja kumsalimia aliutupia jicho akasema, "Mchwa hao, Mama." Mpuliza dawa aliyeitwa naye akasema mchwa. Akatoboa matundu kuzunguka msingi, akamimina dawa, akapokea laki mbili na nusu zake, akaenda zake.

Haukupita muda unga ukarudi. Safari hii ulikuja na wenyewe: sisimizi wakubwa wa kahawia, kichwa kimekolea kuliko kiwiliwili, wanakatiza jikoni usiku taa zikishazimwa. Mwanawe, yule kijana, akanunua dawa ya kopo, akapulizia mlangoni mpaka fremu ikalowa. Wakatoweka siku chache, halafu wakaanza kutokea sebuleni, kwenye soketi ya televisheni.

Mimi niliitwa kama seremala, kubadilisha fremu. Kazi yangu ni milango, madirisha na kenchi za paa, wadudu nawajua kwa sababu ya kile wanachoniachia.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Njoo uone mlango wangu unavyoliwa."

Haukuwa unaliwa, na hapo ndipo laki mbili na nusu zilipopotelea. Nilichota ule unga kiganjani nikausogeza kwenye mwanga. Ulikuwa chembechembe ndefu za nyuzi za mbao, na ndani yake miguu ya wadudu, vichwa vitupu vya sisimizi, na bawa moja la nzi. Mchwa haachi takataka ya namna hiyo. Yeye mbao ndiyo chakula chake, anaimeza, na pale alipopita unakuta udongo: vijia vya matope vinavyopanda ukutani, na tope lililobandikwa ndani ya mbao yenyewe. Wapo mchwa wa mbao kavu ambao hawajengi vijia, lakini hao hudondosha punje ndogo ngumu, na ukizitazama kwa lenzi utaona kila moja ina pande sita. Dumuzi naye hutoa unga laini sana, na juu ya mbao huacha vitundu vya duara kana kwamba vimetobolewa kwa msumari. Takataka yenye nyuzi pamoja na mizoga ya wadudu inatoka kwa sisimizi wanaochonga mbao, wa jamii ambayo wataalamu wanaiita Camponotus. Jamii hiyo ina spishi zaidi ya 1,000 duniani, na Afrika tunazo nyingi. Hawali mbao hata kidogo. Wanakula vitu vitamu, wadudu wengine na makombo ya jikoni. Mbao wanaichonga kupata pa kukaa, na kinachochongwa wanakisukumia nje pamoja na taka zao.

Nilichukua kisu cha mfukoni nikakichoma kwenye mguu wa fremu. Kiliingia chote, bila nguvu, mpaka karibu usawa wa goti. Juu ya hapo mbao ilikuwa imara. Rangi ya mafuta ilikuwa inang'aa vizuri kabisa kwa nje. Nilipobandua kipande kwa patasi tukaona wamechonga kufuata sehemu laini za mbao na kuziacha zile ngumu zimesimama peke yake, nyembamba, zimepangana kama kurasa. Kuta za vyumba vyao zilikuwa safi na laini, hakuna tope wala vumbi. Seremala hawezi kuacha kustaajabu kidogo. Wakatoka wakubwa kwa wadogo, kwa sababu kwenye kundi moja ukubwa hutofautiana sana, na ndiyo maana watu wengi hudhani wameingiliwa na aina mbili. Hawana mwiba, lakini wale wenye vichwa vikubwa wanauma, kisha wanatia asidi pale walipouma. Kijana aliionja.

Nilimwambia Mwalimu fremu siifungui zaidi siku hiyo. Hakufurahi.

"Mwanangu, nimekuita ubadilishe mlango. Hao waue leo, kesho ulete fremu."

Sababu zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza, mbao ile ilikuwa msindano, yaani paini, uliopigwa rangi, na sisimizi hawa huipenda mbao iliyolowa, ambayo kuvu imeshailainisha. Ningeleta fremu mpya na kuiweka pale pale penye maji, ningekuwa namtengenezea mgeni chumba kipya. Ya pili, kwenye ule mguu wa fremu sikuona mayai wala vibuu wachanga. Niliona wafanyakazi na vikoko vyeupe, vile vifuko ambamo kibuu hugeuka kuwa sisimizi, ambavyo watu wengi huviita mayai. Sisimizi hawa huwa na makao makuu anakokaa malkia na mayai yake, mahali penye unyevu wa kudumu kwa sababu mayai na vibuu wachanga hukauka upesi. Halafu wanafungua matawi sehemu nyingine, wanakopeleka vibuu waliokua na vikoko. Fremu ya Mwalimu ilikuwa tawi, malkia hakuwemo. Soketi ya sebuleni, kwa maoni yangu, ilikuwa tawi la pili, lililofunguliwa na dawa ya kopo. Dawa nyingi za kopo na za kuchanganya, zile za kundi la saipamethrini, sisimizi huzihisi na kuzikwepa. Anayeguswa anakufa, waliobaki wanahama na vikoko vyao mdomoni. Mpuliziaji anaona sakafu imejaa mizoga anafurahi.

Usiku tulirudi kuwatafuta walikotoka. Kazi hii haina ujanja mkubwa. Tuliweka asali kidogo kwenye kipande cha boksi na mafuta ya samaki wa kopo kwenye kingine, karibu na mlango, tukazima taa. Tochi tuliifunga karatasi nyekundu ya nailoni, maana mwanga mwekundu hawauoni vizuri na hawashtuki. Walikuja kwenye asali kwanza. Kufuata anayekuja na njaa ni kupoteza muda, huyo anazungukazunguka. Unamfuata aliyeshiba, yule tumbo limevimba mpaka linang'aa, kwa sababu huyo anakwenda nyumbani moja kwa moja.

Walioshiba walipanda pembe ya ukuta, wakapita kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, wakatokea juu ya bati, na juu ya bati kulikuwa na tawi la mwembe limelala. Wakapita kwenye tawi kama watu wanaovuka daraja la Tanzanite. Mwembe ule ulikuwa umekatwa tawi kubwa miaka ya nyuma, kisiki chake kikaoza ndani, pakabaki shimo la kuingia ngumi. Wote waliishia humo.

Mwembe wenyewe ulikuwa unawalisha pia. Chini ya majani kulikuwa na wadudu weupe wenye kama pamba, na majani ya chini yake yalikuwa yananata na kufunikwa masizi meusi. Wadudu wale hufyonza utomvu wa mti na kutoa maji matamu. Masizi ni kuvu inayoota juu ya huo utamu, na sisimizi wanaunywa na kuwalinda wanaoutoa. Mwalimu alikuwa analalamika tangu mwaka jana kwamba embe zake zinatoka chafu. Hakuwahi kuliunganisha jambo hilo na mlango wa jikoni, na sidhani kama yupo ambaye angeliunganisha.

Sasa maji. Hii ndiyo sehemu ya kisa niliyotumia muda mwingi kuliko zote, na ndiyo wateja hawapendi kulipia. Nyumba ina tanki la plastiki juu ya mnara wa zege, hatua chache kutoka mlango wa nyuma. Wakazi wa Dar wanajua: maji yakitoka usiku, unafungua yajaze tanki, unalala. Boya, linalofunga maji tanki likijaa, lilikuwa limekufa, kwa hiyo tanki lilipojaa lilifurika, na bomba la kufurikia lilikuwa fupi, linamwaga ukutani. Mwalimu alikuwa anasikia maji yanadondoka usiku na kuyachukulia kama kelele za kawaida za nyumba. Juu yake, gata ilikuwa imejaa majani ya mwembe, mvua ikinyesha inamwagia fisha bodi. Na upande wa ndani wa ule mlango kuna bafu, vigae vyake saruji ya maungio imelika, maji ya kuoga yanapenya.

Mafundi wengi hapa mjini tuna mtindo wa kuizamisha miguu ya fremu kwenye sakafu. Fremu inasimama imara, mwenye nyumba anafurahi, lakini mbao inanyonya maji kutoka chini kupitia ncha yake, sehemu ambayo rangi haikufika. Kwenye nyumba kavu unaweza kuishi nao miaka. Kwa Mwalimu, penye maji pande tatu, mguu wa fremu haukuwa na namna ya kupona.

Kijana wake alikuwa amesoma mtandaoni, na alichosoma kilimtisha: nyumba zinaharibika, sakafu zinabonyea. Ni kweli, lakini kwa kule. Marekani na Kanada nyumba nyingi ni za mbao kuanzia nguzo mpaka ukuta, na sisimizi kama Camponotus pennsylvanicus ana mahali pa kufanyia kazi. Nyumba ya tofali za saruji haina hatari hiyo. Kinachoweza kuharibika ni fremu, fisha bodi, papi zinazopigiliwa bati, kenchi na mbao zinazobeba dari. Kuanguka kwa dari la bafuni si jambo dogo, lakini pia si sababu ya kuimwagia nyumba nzima dawa.

Nilipompa Mwalimu mpangilio wa kazi, dawa ilikuwa ya tatu, fremu ya nne. Akaniangalia kama mwanafunzi aliyejibu swali asiloulizwa.

Boya likabadilishwa kwanza, na bomba la kufurikia likarefushwa mpaka kwenye mfereji. Gata ikasafishwa, maungio ya vigae yakakwanguliwa na kujazwa upya. Kuni na mirunda iliyobaki kwenye ujenzi, iliyokuwa imeegemezwa ukutani tangu nyumba inajengwa, ikahamishiwa mwisho wa uwanja na kuinuliwa juu ya tofali. Kisha matawi: yote yaliyogusa bati yakakatwa, na tukaacha nafasi ya zaidi ya mita moja, kwa sababu tawi lenye majani mabichi baada ya mvua linainama, na la kesho huwa refu kuliko la leo. Waya wa umeme unaoingia nyumbani nao ni njia yao, ila huo hatukuugusa.

Chambo tulitega wakati fremu mbovu bado ipo mahali pake, na hili ndilo lililoleta mabishano zaidi ya yote. Mwalimu aliona ni kuwalisha wezi. Lakini sisimizi hawa hulishana mdomo kwa mdomo. Anayekula nje anakwenda kuwagawia wa ndani, mpaka vibuu na malkia. Sumu inayoua haraka inamuua mbebaji njiani. Ile dhaifu inafika. Tulitumia asidi ya boriki kwenye maji ya sukari: nusu lita ya maji ya uvuguvugu, vijiko vinne vya chakula vya sukari, na kijiko kimoja cha chai cha asidi ya boriki kilichosawazishwa, sawa na asilimia moja hivi. Watu huongeza kijiko cha pili kwa hasira, na sisimizi wakionja wanaiacha. Tuliloweka pamba, tukaiweka ndani ya vikopo vyenye matundu madogo kwenye mfuniko, tukavifunga kwenye shina la mwembe na pembeni mwa njia yao ukutani. Mle ndani anakaa mjukuu anayetambaa, kwa hiyo hakuna kikopo kilichowekwa sakafuni. Asidi ya boriki si sumu kali, lakini si ya kulambwa na mtoto. Pamba ilibadilishwa kila ilipokauka. Dawa ya kopo ilipigwa marufuku, na hata dawa ya kufagilia jikoni yenye harufu kali ikasogezwa mbali na njia yao.

Kwanza walikuja wengi kuliko mwanzo. Mwalimu alinipigia simu usiku.

"Fundi, umeniitia harusi."

Nilimwomba avumilie, na alivumilia kwa shingo upande. Kuna wakati waliisusa sukari wakawa wanataka mafuta ya samaki. Hubadilika hivyo wanapokuwa na vibuu wengi wa kulisha. Tukachanganya asidi kiasi kile kile kidogo kwenye samaki wa kopo, wakarudi. Mwezi wa Mei ulipokuwa unaelekea mwisho, njia ya ukutani ilikuwa na mmojammoja, tena wanaotembea ovyo.

Hapo ndipo nilipoing'oa fremu. Ndani yake kulikuwa na wachache na vikoko vilivyokauka. Niliitengeneza mpya kwa mbao ya mninga, ingawa msindano uliotiwa dawa kiwandani ungetosha na bei yake ni nafuu. Mwalimu ndiye aliyetaka mninga. Ncha za chini nilizinywesha dawa ya mbao kabla ya kufunga, na miguu ikasimama juu ya kipande cha jiwe la kigae badala ya kuzamishwa, nafasi ikazibwa kwa silikoni. Mbao yoyote, hata mninga, ukiilaza majini itaoza siku moja, inachelewa tu.

Kuhusu oili chafu. Jirani alishauri fremu ipakwe, na mafundi wengi bado wanapaka kenchi. Kwa kuta za ndani ya nyumba anakotambaa mtoto siwezi kuikubali, maana oili iliyotoka kwenye injini ina metali nzito, na isitoshe inakaa juu juu ilhali sisimizi wanaingilia kwenye nyufa na ncha. Mafuta ya taa yanaua yanaowagusa, na yanawaka. Majivu yanakatiza njia mpaka yatakapolowa. Chaki ya Kichina inayouzwa na wamachinga sikuigusa, kwa sababu haina lebo ya kuniambia ndani kuna nini, sawa na dawa za mashambani zinazouzwa zimehamishiwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Dawa ya halali inatakiwa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iko kwenye chombo chake, na lebo inasema ni ya mdudu gani na inachanganywaje. Mpuliza dawa asiyeweza kukuonyesha kopo lenyewe, mpe maji ya kunywa umuage.

Mwembe ulibaki. Kijana alitaka ukatwe, Mwalimu hakutaka hata kulisikia, na mimi nilikuwa upande wa Mwalimu. Tulikwangua mbao iliyooza ndani ya lile shimo mpaka kwenye mbao hai, tukatoa kilichobaki cha kundi, pamoja na sisimizi mmoja mkubwa kuliko wote, asiye na mabawa, ambaye naamini alikuwa malkia. Jirani yule yule akasema tujaze saruji. Saruji ndani ya mti hushika unyevu nyuma yake, na kuoza kunaendelea mahali usipopaona. Tuliliacha wazi, tukalisawazisha mdomo wa chini ili maji ya mvua yatiririke nje. Wale wadudu weupe tuliwaosha kwa maji ya presha na sabuni ya kipande iliyoyeyushwa, na baadhi ya matawi yaliyojaa yakakatwa na kuchomwa.

Soketi ya sebuleni aliifungua fundi umeme, baada ya kuzima swichi kuu. Alikuta mizoga imejazana kwenye maungio ya nyaya. Akasafisha na kubadilisha soketi, na tundu la bomba la nyaya likazibwa.

Gharama yote, ukiacha mninga, ilikuwa chini ya zile laki mbili na nusu za mwanzo. Boya ndilo lililokuwa rahisi kuliko vyote.

Sehemu moja hatukuifungua: dari juu ya bafu. Jipsamu haina alama ya maji, nikigonga mbao zinaitika vizuri, na Mwalimu hakuwa tayari kubomoa dari zima kwa wasiwasi wangu. Tumekubaliana dalili ya kuangalia vuli itakapoanza. Sisimizi wenye mabawa wakionekana nje kwenye taa ya barazani, awaache, hao wanaweza kuwa wametoka popote. Wakionekana ndani, hasa bafuni, dirisha likiwa limefungwa, kuna kundi lililokomaa humo humo ndani. Asiwachanganye na kumbikumbi: kumbikumbi ana kiuno kinene na mabawa manne yanayolingana urefu, sisimizi kiuno chake kimeminywa na mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Akiwaona hao, aokote wawili watatu awatie kwenye kikopo, asipulizie kitu, anipigie. Nitaanzia kwenye dari.